Aliyemuua Mzee Wakoli ni Apdeti

Bungoma,
10 Mei 2025

Mukhwana,

Salamu zako nimeziweka kando, nitakupa mwisho zikibaki. Nina hasira, na sitaki ipoe kabla sijaimaliza kwa karatasi.

Ningekupigia simu. Lakini kwa simu wewe huniambia "tulia kwanza, Mulongo," halafu unaongea peke yako mpaka salio linaisha. Barua haikatizwi. Nimeitoa mashine yangu ya nukta nundu chini ya kitanda, nimeipangusa vumbi, na vidole vinaniuma maana imekauka mafuta. Ulijifunza nukta hizi tukiwa na miaka kumi ili tuwasengenye shangazi bila Mama kujua. Basi leo zitakusema wewe, hebu soma yote.

Kompyuta yangu imekuwa bubu. Na imekuwa bubu nikiwa hewani.

Wacha nikueleze tena kazi yangu, maana naona hujawahi kuielewa. Saa saba mchana nasoma matangazo ya vifo. Sioni, kwa hivyo kompyuta inanisomea kwa hedifoni, sikio la kushoto, kwa ile sauti ya Mzungu asiyejua kutamka hata jina moja la kwetu. Mimi nakuja nyuma yake maneno matatu, nikiyasema sawasawa kwa maiki. Miaka tisa nafanya hivyo. Kuna wasikilizaji hawajui hadi leo kwamba sioni, na sijaona sababu ya kuwaambia.

Alhamisi nilikuwa na matangazo kumi na moja. La sita lilikuwa la Matulo. Kwa fomu yetu, jina la aliyeleta tangazo linatangulia, ndipo linafuata jina la marehemu. Mzungu akasema: Josephat Wakoli, Matulo. Nikaanza: "Kwa huzuni nyingi tunatangaza kifo cha..." nikingoja jina la marehemu. Kimya. Halafu nikasikia ule mlio wake wa kujizima. Bungoma nzima imeacha kijiko hewani ijue nani amekufa, na mashine imeamua hii ndiyo saa yake ya kujiapdeti! Jina nililokuwa nalo kichwani ni moja tu. Mdomo ukalitoa.

Nikamuua Mzee Wakoli.

Aliyekufa ni ndugu yake mdogo, Zakayo. Mzee Wakoli mwenyewe alikuwa amekaa kwake na redio, anangoja kusikia jina la ndugu yake. Akasikia lake. Kabla hajaamka kwa kiti, wakwe walikuwa wameshaingia bomani na vilio. Binti yake aliye Lugulu alivua kandambili akakimbia pekupeku hadi stejini. Mzee ametuma malalamiko, na la kwanza ni kwamba mke wake mdogo alilia kidogo sana.

Cheka ukitaka. Mimi sicheki. Meneja Wanjala ameniambia "nipumzike." Yaani nikae mapokezi nipokee simu za salamu, na Sandra, msichana wa juzi, asome matangazo yangu. Akasema, kwa sauti ya kunionea huruma, kwamba labda kazi hii inataka mtu wa macho. Miaka tisa ilikuwa haitaki macho, imeanza kuyataka Alhamisi.

Wewe ndiye fundi wa kompyuta wa ukoo huu. Nieleze jambo moja: apdeti za kujiweka zenyewe nilizikataza tangu siku nilipoinunua hiyo laptopu. Iliyokatazwa inajiapdeti vipi?

Salamu hazikubaki.

Mulongo


Matisi, Kitale,
13 Mei 2025

Dada yangu mpendwa Mulongo,

Pole. Pole tena. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kuna mahali umebonyeza mpaka karatasi imetoboka. Chesang wa matatu ameniletea pamoja na viazi, na huyo huyo atakurudishia hii. Naandika nukta kwa kile kibao na sindano, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hivyo makosa uyavumilie. Sikutaka uandikiwe kwa njia ambayo mtu mwingine wa ofisini atakusomea.

Sasa, kuhusu kompyuta. Siku hizi, hizi vitu zimekuwa na kichwa ngumu, bana. Hata ukizikataza, kuna siku inaamua tu. Ni kawaida. Usitafute mchawi.

Na nikuambie ukweli kama fundi: si vibaya ijiapdeti yenyewe. Apdeti ndiyo inaziba matundu. Wewe unaona usumbufu, lakini huko nje kuna wezi usiku na mchana wanapapasa milango ya kompyuta za watu. Ng'ombe ukimwacha bila dipu kwa sababu hapendi maji, kupe watakushukuru. Iache ijifanyie. Wewe huhitaji kujua kila kitu kinachofanyika ndani.

Kuhusu Sandra, mimi naona si vibaya akikaa kando yako kwa muda. Hata kama ni kukushikia karatasi tu. Maji yameshamwagika. Mzee Wakoli atatulia, watu watasahau, na wewe utaendelea polepole. Sipendi kusikia ukigombana na meneja. Kazi si rahisi kupata siku hizi, hasa kwa mtu wa hali yako.

Jepkosgei anakusalimia sana. Anauliza kama ile sweta ilikutosha.

Ndugu yako anayekujali,

Mukhwana


Bungoma,
17 Mei 2025

Mukhwana,

Sweta ilinitosha. Mwambie wifi yangu Jepkosgei asante, yeye hana kosa.

"Mtu wa hali yako." Uliiandika hiyo kwa sindano, herufi moja moja, kutoka kulia kwenda kushoto, na mkono haukusita?

Bethwel, fundi wetu wa redio, ameifungua laptopu yangu Jumatano. Nilimwambia asibadilishe kitu, anisomee tu. Akanisomea. Apdeti za kujiweka zenyewe ziliruhusiwa Jumapili, tarehe ishirini Aprili, saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Nikamwambia arudie hiyo tarehe. Akarudia.

Jumapili ya Pasaka! Saa nane mchana nilikuwa kwa meza yako, Jepkosgei akininawisha mikono. Na wewe ulikuwa umesema, "Ngoja nikuchajie laptopu kule chumbani." Nikakuambia asante na nikakupa paswadi, eti uitazame kama betri bado ni nzima. Nimejitafutia mchawi, Mukhwana, na nimempata anavaa viatu saizi nane.

Halafu ukarudi mezani ukanipa firigisi. Wewe! Tangu tuzaliwe, kuku akichinjwa kwetu firigisi ni ya mwanamume. Nikiwa na miaka saba nilipigwa mwiko kwa kuipapasa tu ndani ya sufuria. Siku hiyo umeiweka kwa sahani yangu mbele ya watu wote, na nikalia kidogo, nikasingizia pilipili. Jumanne nilipofika kazini nikamwambia kila mtu ndugu yangu amebadilika. Kumbe nilikuwa nimelishwa hongo.

Wewe ulitangulia kutoka tumboni kwa dakika kumi na tano. Ndiyo maana ukaitwa Mukhwana na mimi Mulongo, nikakufuata kwa jina kama nilivyokufuata mlangoni. Dakika kumi na tano tu, na umezitumia miaka thelathini na minane. Kule nasari mwalimu akiniuliza jina, ulijibu wewe. Nikiulizwa kama nimeshiba, ulijibu wewe. Sasa hata kompyuta ikiniuliza kama niko tayari, umeijibu wewe kwa niaba yangu, kimya kimya, mimi nikitafuna.

Sijakaa mapokezi. Kila siku saa sita na nusu naenda kukaa kwa ile benchi mbele ya studio, na fimbo yangu magotini, mpaka matangazo yaishe. Meneja anapita ananiambia, "Madam, nenda upumzike." Namwambia nimeshapumzika, nangoja kazi yangu. Jana alijaribu kunishika mkono aniinue. Hajarudia.

Na usiniandikie kwamba hasira ni hasara. Niambie kwa nini ulifanya.

Phelista Mulongo Simiyu, mtangazaji


Matisi, Kitale,
21 Mei 2025

Mulongo,

Ni mimi. Nimekaa siku mbili na hiki kibao nikitafuta namna nyingine ya kuanza na hakuna.

Sasa nisikilize, kwa sababu kuna kitu sijakuambia tangu Februari.

Unajua chuo ninachofanya kazi, kompyuta thelathini na mbili ziko chini yangu. Mwaka jana mkuu wa chuo alilalamika kwamba apdeti zinakula mtandao, madarasa yanakwama. Nikasema sawa. Nikazizima zote. Nilijiona mjanja, nilifanya vile vile wewe ulivyofanya na yako. Februari mwalimu wetu Lorraine akaja na flashi ina virusi, akaichomeka kwa moja. Kufika saa kumi jioni zote thelathini na mbili zimefungwa. Faili zote zimegeuka takataka, na kwa skrini kuna maandishi ya kutukana. Apdeti iliyokuwa inaziba hilo tundu ilikuja Novemba. Mimi ndiye niliyeifungia nje.

Kuna mwanafunzi anaitwa Kiplimo. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, anatoka huko juu Mlima Elgon. Alikuwa ameandika magonjwa ya viazi kwa misimu miwili, shamba kwa shamba, anatembea kwa miguu. Yote ilikuwa kwa kompyuta yetu kwa sababu hana yake. Alikuja kwa ofisi yangu nikamwambia imeenda. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwa hivyo inabidi nirudi kwa zile mashamba?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Viazi vya mwaka ule vilishaliwa." Akaenda.

Kutoka siku hiyo, nikiona kompyuta haijaapdetiwa mwili wangu unasisimka. Yako ilikuwa na miaka mitatu haijaguswa. Miaka mitatu, Mulongo! Ndani mna sauti zako zote, matangazo yote, kazi yako yote. Niliona nikikuacha hivyo nitakuja kuambiwa na wewe vile Kiplimo aliniambia. Nilijua nikikuuliza utakataa, ndiyo maana sikuuliza.

Na kuna ingine mbaya zaidi. Hapa chuoni mpaka leo wanajua aliyeleta hasara ni Lorraine na flashi yake. Hakuna mtu anajua nilikuwa nimezima apdeti. Mkuu amesahau, na mimi sijamkumbusha. Lorraine hakai tena na sisi wakati wa chai.

Firigisi haikuwa hongo. Ama ilikuwa. Sijui. Nilitaka tu ule kitu kizuri siku hiyo.

Mukhwana


Bungoma,
24 Mei 2025

Mukhwana,

Umeandika, "Nilijua nikikuuliza utakataa, ndiyo maana sikuuliza." Hapo nimepitisha kidole mara nne. Kwa hivyo jibu langu ulikuwa nalo. Si kwamba hukulijua, ulilijua na ukalipita. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko kumuua Mzee Wakoli, maana Mzee Wakoli nilimuua kwa bahati mbaya.

Kiplimo ameniumiza moyo. Nimemfikiria siku nzima, yeye na viazi vyake vilivyoliwa. Na nitakubali jambo moja, ulisome polepole kwa sababu sitalirudia: kukataa apdeti miaka mitatu nilikosea. Nilikuwa naogopa Mzungu wangu atabadilishwa sauti nishindwe kumfuata. Uoga wangu ulikuwa wa kijinga na nimeuacha. Lakini uoga wako nao uuweke kwenye kompyuta zako. Umeshindwa kusema ukweli kwa mkuu wako, ukaja kutubu kwa laptopu yangu. Hapana, bwana. Hata daktari wa mifugo hubisha hodi kabla ya kuingia zizini na sindano.

Nenda ukamsafishe Lorraine jina. Usinijibu barua hii kabla hujaenda.

Sasa habari za huku. Jumatatu ya kwanza baada ya kosa langu, meneja alimwambia Sandra asome masahihisho. Akayasoma vizuri. Mzee Wakoli akayakataa! Juzi alikuja mwenyewe redioni, amevaa koti, na huyo mke wake mdogo kama shahidi. Alisema Matulo watu wanamsalimia wakiwa mbali. Kanisani pasta alimwombea kwa "alikuwa." Na kwa baraza la wazee kiti chake kimeshapewa mtu wa Lugulu, na huyo mtu hataki kuondoka kwa sababu redio ndiyo ilisema. Kwao wamekaa wakaamua: neno lilitoka kwa mdomo fulani, lirudi kwa mdomo ule ule, saa ile ile. Meneja akamwambia masahihisho yalishasomwa. Mzee akagonga sakafu na bakora: "Huyo mtoto hakuniua mimi! Mdomo ulioniua ndio utanifufua!"

Mimi nilikuwa kwa benchi yangu. Nikasema, "Niko hapa, Mzee." Akaja akanishika mkono na akaniambia, bila kununa, kwamba nina sauti nzuri ya kufisha watu.

Kwa hivyo Alhamisi, tarehe ishirini na tisa, saa saba, nasoma. Meneja amekubali lakini ameweka masharti mawili. La kwanza, Sandra akae kiti cha kando anifuate na karatasi, nikikwama anipokonye. La pili, laptopu yangu iwe chini ya Bethwel, ijiapdeti yenyewe wakati wowote itakapotaka, na mimi nisiulizwe. Yaani wewe na meneja mngekuwa mapacha, mimi ningebaki tumboni.

Nimekataa yote mawili. Akaniambia nikikwama tena hewani hata sekunde moja, mapokezi yatakuwa ya kudumu. Nikamwambia sawa. Sandra alinifuata kwa korido akaninong'oneza, "Auntie, mimi sitaki kiti cha mtu." Ni msichana mzuri.

Laptopu inaongea tena. Nimeiapdeti mimi, Bethwel akinisomea mpaka Mzungu alipoamka, na kweli amebadilishwa sauti. Sasa anaongea kama mtu aliyekula asali. Nimezoea kwa siku mbili. Halafu nimeiweka hivi: apdeti ikija, iniulize. Isifanye kitu mpaka nibonyeze mimi. Bethwel alitaka kunishikia kidole kwa kile kitufe nikamwambia ataje tu kiko wapi.

Paswadi nimebadilisha. Usijaribu siku yetu ya kuzaliwa.

Mulongo


Matisi, Kitale,
31 Mei 2025

Mulongo,

Nimeenda. Nilimwambia mkuu wa chuo mbele ya walimu wote wakati wa chai, ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma. Nilisema apdeti nilizima mimi, na flashi ya Lorraine ingeingia na kutoka bila neno kama ningefanya kazi yangu. Mkuu amenipa barua ya onyo. Lorraine alinywa chai yake mpaka ikaisha, halafu akaniita jina ambalo siwezi kulitoboa kwa karatasi. Lakini alikaa na sisi.

Sasa Alhamisi. Nilifunga maabara ya kompyuta saa sita na nusu, nikaweka redio yenu kwa simu, tukasikiliza mimi na Jepkosgei. Kiplimo alikuwa anapita na daftari lake nikamwambia aingie pia.

Ulipoanza ulisema tu, "Ni saa saba kamili, ni mimi." Jepkosgei akapiga kofi moja. Ukasoma la kwanza, la pili, bila shida. Nilisikia mtu anakohoa kizee karibu na maiki nikajua huyo si Sandra.

Halafu ukafika. Ukasema: "Tarehe nane Mei, katika kipindi hiki, mdomo huu ulitangaza kifo cha mtu ambaye hajafa. Leo mdomo huu huu unarudisha neno lake. Mzee Josephat Wakoli wa Matulo..."

Na ukanyamaza.

Mulongo, nilishika meza. Nilihesabu. Moja. Mbili. Nilijua imetokea tena. Nilijua imekuzimikia, na meneja amesimama nyuma ya kioo, na nilijua ni mimi. Mkono ulitaka kuingia kwa simu ukutolee hilo neno. Kiplimo aliniangalia tu. Jepkosgei alisema, "Mwache." Hivyo tu. "Mwache."

Ukaendelea: "...yuko hai. Ninamsikia akipumua hapa kando yangu, na anakunywa chai ya redio." Halafu yeye akaingilia: "Na ule mtu wa Lugulu atoke kwa kiti changu!" Tulicheka mpaka Kiplimo akashika ukuta.

Lakini ule ukimya ulikuwa wa nini? Na meneja amesema nini? Nimeacha kupiga simu kwa makusudi. Nilifikiria nikuulize na ningoje jibu lako, hata likichukua wiki.

Mukhwana


Bungoma,
4 Juni 2025

Ndugu yangu Mukhwana,

Lorraine alikuita nani? Hilo ndilo la kwanza, na ujibu.

Aliyekuwa anakohoa ni Mzee mwenyewe. Alifika mapema, akaingia studio, akaketi kile kiti cha kando ambacho meneja alimwekea Sandra ingawa nilikataa. Meneja akamwambia atoke. Mzee akasema yeye ni marehemu, na marehemu hawahamishwi bila kibali cha chifu. Sandra akacheka, akatoka nje na karatasi zake. Mlango ukafungwa, taa ikawaka, na meneja akabaki nyuma ya kioo kama ulivyodhani.

Sasa ule ukimya. Nilikuwa nimelisema jina. Mzee amesogea hadi nasikia harufu ya tumbaku kwa koti lake. Mzungu wangu mpya alikuwa anakaribia kunipa mstari unaofuata, ghafla akauacha, na kwa ile sauti yake ya asali akaniambia: kuna apdeti iko tayari, kompyuta ijizime sasa au baadaye?

Nilikauka, ndugu yangu. Ningeiacha ijiapdeti yenyewe kama mlivyotaka nyinyi wawili, labda ingefanya alfajiri na nisingejua. Au ingejizima hapo hapo, Mzee akafa mara ya pili. Sijui, na wewe hujui. Ninachojua ni kwamba niliulizwa. Kuulizwa nako kuna taabu yake: utaulizwa ukiwa na jina la mtu mdomoni. Taabu hiyo nimeikubali, ni yangu.

Nilitafuta kitufe kwa kidole gumba, nikabonyeza "baadaye," na nikamfufua mzee.

Kipindi kilipoisha, meneja aliniita ofisini. Akasema alisikia nimekwama sekunde mbili, na tulikubaliana hata moja. Nikamwambia, "Ulisikia nikinyamaza. Hukunisikia nikikosea. Nilikuwa na shughuli na kompyuta yangu, tukamaliza." Akauliza itakuwaje ikiniuliza tena. Nikasema nitaijibu tena. Akasema atafikiria juu ya mapokezi. Nikamwambia afikirie, na mimi kesho saa saba nitakuwa kwa maiki, akitaka nitoke aje anibebe na kiti. Ijumaa nimesoma. Jumatatu nimesoma. Hajaja.

Jana Jumanne, saa nne asubuhi, nilipokuwa sina kipindi, nimeifungua nikaiambia haya, sasa. Bethwel alisimama mlangoni na mikono mfukoni kama nilivyomwagiza. Ilichukua dakika thelathini na nane. Nilikunywa chai, nikaisikia ikizima, nikaisikia ikiwaka, na sauti haikubadilika.

Mwezi wa nane njoo Bungoma, mje wote, na Kiplimo akiwa na nafasi umlete, nataka kusikia hayo mambo ya viazi. Laptopu itakuwa hapo mezani, imefunguliwa. Ukiona kuna kitu ndani yake kinakutisha, mimi nitakuwa nimekaa kando. Niulize. Huenda hata nikakubali.

Mulongo